Hakimo Kwenye Fomu

Mdomo wa mama yangu niliushika mkononi mara tatu kabla hajaniambia kwamba unamsumbua.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kushika midomo ya watu. Niko chumba cha plasta, chini kabisa ya chuo cha meno, mlango unaofuata baada ya choo cha wanaume. Huko juu wanamwekea mgonjwa trei yenye uji wa pinki, anauma, uji unaganda, wanavuta, wananiletea. Mimi nakoroga plasta, namimina, nagonga trei kwenye meza mapovu yatoke, nangoja ikauke, nabandua, kisha nasawazisha pembeni kwa mashine ya kusaga. Hapo unapata kinywa cheupe cha mtu, kimekaa kimya mezani, hakijui kudanganya. Shule niliacha kidato cha pili, nilichoka kukaa. Lakini kwa plasta hakuna msomi wa jengo hili atakayeniambia kitu. Wao wanasoma habari za vinywa. Mimi vinywa vyenyewe ninavyo, mia tatu na ushee, kwenye rafu.

Vinywa vya utafiti havina majina, vina namba. Eti siri ya mshiriki. Sasa namba thelathini na moja, siku ya kwanza nilipoibandua, nilicheka peke yangu kama mwehu. Katikati ya kaakaa kulikuwa na kinundu cha mfupa, saizi ya punje ya mahindi. Nikapeleka ulimi juu mdomoni mwangu. Kinundu kilekile. Bibi alikuwa nacho, mama anacho, mimi ninacho. Siri gani hapo? Huo ni ukoo.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa Bwana Asilimia. Hilo jina tulimpa sisi wa chini. Ni daktari wa meno, mtu wa miaka arobaini na kitu, viatu vinang'aa unaweza kunyolea ndevu, na hawezi kusema sentensi bila asilimia ndani yake. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakupa namba. Alikuwa anautafuta uprofesa kama mbwa anavyotafuta mfupa aliousahau alikoufukia, na uprofesa hauji bila kuchapisha, kwa hiyo akabuni la kuchapisha: jeli ya kupaka fizi zilizochubuliwa na meno ya bandia. Inaponya au haiponyi? Basi. Hilo ndilo lililokuwa linamnyima raha.

Alihitaji watu arobaini wenye meno ya bandia na fizi zilizochubuka. Mtu mwenye akili angezunguka mji mzima. Yeye alivuka barabara. Nyuma ya chuo kuna mtaa wetu, na kwenye mtaa wetu kuna kikundi cha akina mama wanaoshona mashuka na sare barazani kwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, ambaye ndiye mwenyekiti. Akawaokota hapo hapo ishirini na saba kwa mkupuo, kama mtu anayenunua nyanya fungu zima asisumbuke kuchagua. Waliobaki kumi na watatu sijui aliwatoa wapi, labda kwenye lifti.

Siku ya kuwaandikisha alimtuma Dada wa Fomu, muuguzi anayejaza makaratasi yake yote. Huyu dada ni mtu, sina neno naye. Akawasomea barazani: nusu yenu mtapewa jeli yenye dawa, nusu mtapewa jeli isiyo na dawa, zinafanana kila kitu, na hakuna atakayejua yake ni ipi.

"Hata daktari hajui?" mama mdogo akauliza.

"Hata daktari hajui, mama. Ndivyo utafiti unavyotaka."

"Haya. Sasa yeye anajua nini?"

Baraza likacheka, likatia sahihi, likapokea tyubu. Dada wa Fomu alipogeuka tu kona, mama mdogo akaingia ndani akatoka na kopo kubwa la siagi lililooshwa, na mwiko.

"Leteni," akasema.

Tyubu ishirini na saba zikakamuliwa humo ndani hadi zikajikunja. Mama mdogo akakoroga kama anapika uji wa msiba. "Watu tunakaa benchi moja, tunakula pamoja, halafu huyu apewe dawa na mwenzake apewe makamasi? Tumekosa nini?" Kisha akagawa, kijiko kwa kijiko, kila mtu kikopo chake, hakuna aliyepunjwa. Wakafanya hivyo kila baada ya wiki mbili, kila tyubu mpya zilipokuja. Tyubu tupu walizirudisha chuoni kama walivyoagizwa, zikawekwa kwenye mzani, na Bwana Asilimia akaandika kwamba washiriki wanatumia dawa kikamilifu, asilimia mia moja.

Mimi nilikuwepo. Kopo nililifungua mimi, kifuniko kilikuwa kimebana. Nilijua utafiti umekufa siku ileile kabla haujaota meno. Sikusema. Niseme kwa nani, na kwa faida ya nani? Yule bwana miaka minne ananipita kwenye korido hajanijibu salamu. Nikasema moyoni, mpishi na apike, chumvi ataionja mwenyewe.

Ndiyo maana wiki ya nane ilinipiga vibaya.

Vinywa vilichukuliwa siku ya kwanza, wiki ya nne, wiki ya nane, na cha mwisho kingekuwa wiki ya kumi na mbili. Juu na chini, vyote viwili, ingawa utafiti ulikuwa unaangalia fizi ya juu tu. Mama huko juu hana jino hata moja. Chini anayo sita ya mbele, nyuma ni fizi tupu. Sasa nimebandua kinywa cha chini cha wiki ya nane, nakisafisha kwa kisu, kisu kikakwama. Kushoto, nyuma, upande wa ulimi, fizi ilikuwa imeinuka. Nikadhani ni povu la plasta. Siyo povu. Povu ni duara na ni laini. Hili lilikuwa na shimo katikati na kingo zimejikunja kwa nje kama mdomo wa mtungi.

Nikashusha cha wiki ya nne. Pale pale, saizi ya punje ya mchele. Nikashusha cha siku ya kwanza, nikakisogeza dirishani. Ukipitisha kidole unahisi, ukitazama huoni. Nikavipanga vitatu mezani. Nusu punje, punje, harage.

Fundi wa zamani aliyenifundisha kazi hii aliwahi kunionyesha kinywa kama hicho. Aliniambia, ukiona kingo za namna hii usimalizie kusaga, panda juu ukamwite mtu.

Sikupanda juu. Nilikwenda nyumbani saa ya chakula, na vumbi langu mikononi. Mama alikuwa kwenye cherehani.

"Mama, fungua mdomo."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Fungua mdomo."

"Marahaba. Nifungue mdomo, wewe nani? Daktari?"

"Daktari anakujua kwa namba. Fungua, tafadhali."

Akafungua. Nikawasha tochi ya simu, nikausogeza ulimi kwa kijiko. Kilikuwepo. Kwenye plasta kilikuwa cheupe kama kila kitu. Huku kilikuwa chekundu, na katikati kijivu.

"Kinauma?"

"Hakiumi. Kinawaka tu nikila chumvi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya hiyo jeli yenu."

"Si jeli yangu. Uliwaambia?"

"Niliwaambia, nisiwaambie kwani mimi bubu? Yule mwenye viatu akachungulia, akasema, mama, sisi tunaangalia juu. Hicho cha chini hakimo kwenye fomu." Akafuta mdomo kwa kitambaa. "Nikasema sawa."

"Na zile picha za nyuso, ulionyesha ipi?"

Maana kwenye fomu kuna nyuso kumi na moja, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, mgonjwa anaweka kidole panapomfaa.

"Inayocheka."

"Mama! Una kidonda mdomoni unaonyesha inayocheka?"

"Mtu amekupa kiti, amekupa maji ya kunywa, anakuuliza unajisikiaje. Utamnunia? Nimewalea hivyo mimi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fomu zote arobaini zinacheka.

Nikamwambia aachane na utafiti, twende kwa madaktari wa upasuaji, jengo la pili. Akarudi kwenye cherehani akaanza kukanyaga. Hataki. Atakayefika wiki ya kumi na mbili anatengenezewa meno mapya ya juu, na yeye amebakiza wiki nne. Aliyonayo yanaanguka akicheka. Miaka tisa mama yangu anacheka amefunika mdomo kwa kiganja, kama mtu anayepiga chafya kanisani.

"Meno nitakutengenezea mimi. Hayo hayo ya kwao nani anayatengeneza kama si mimi?"

"Kwa vifaa vya nani?"

Nikazima tochi ya simu.

"Basi. Meno ya wizi sivai. Yataning'ata."

Alasiri nikaenda mwenyewe jengo la pili, dirisha la upasuaji. Karani akaniuliza mgonjwa ni wa nani. Nikasema ni mshiriki wa utafiti wa jeli. Akasukuma daftari pembeni. Aliye kwenye utafiti ana daktari wake, barua ya rufaa itoke kwake. Bila barua, nafasi ya karibu ni baada ya miezi mitano. Alisema miezi mitano kama mtu anayesema dakika tano.

Kwa hiyo kesho yake nikapanda ghorofa ya tatu, vinywa vitatu ndani ya ndoo. Kwenye korido ya huko juu kuna bango wamelibandika wenyewe, lina picha ya mtu ameshika shavu: KIDONDA MDOMONI KISICHOPONA KWA WIKI MBILI? MUONE DAKTARI LEO. Limewekewa kioo, lisichafuke.

Bwana Asilimia alikuwa na kompyuta yake. Nikapanga vinywa juu ya meza. Akachomoa karatasi laini akafuta vumbi la plasta kabla hajaangalia chochote.

"Namba ngapi hii?"

"Thelathini na moja."

Akatafuta. Uso ukang'aa. "Ooh, huyu anaendelea vizuri mno. Fizi ya juu wekundu umepungua kwa asilimia sitini na mbili."

"Daktari, ni hapa chini. Angalia hiki, halafu hiki, halafu hiki."

Aliangalia. Na aliona, msidanganyike. Nilimwona anaona. Kidole chake kilisimama pale pale kisu changu kilipokwama, kikakaa, kikaondoka.

"Hiyo iko nje ya utafiti."

"Iko ndani ya mama yangu."

"Mama yako?" Akainuka kwenye kiti. "Wewe umejuaje namba thelathini na moja ni mama yako? Unajua umevunja siri ya mshiriki? Hilo ni kosa kubwa la maadili!"

Nikamtazama. Nilitamani nimwonyeshe kaakaa langu pale pale, alipime na hilo.

"Mwandikie barua ya upasuaji," nikasema. "Baada ya hapo nifukuze."

Akashusha sauti, akawa mtu mwema, na akiwa mwema ndipo anapochefua zaidi. Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto kwa nini pipi imekwisha. Walikuwa arobaini. Mmoja amehama, mmoja amefariki. Wamebaki thelathini na wanane. Ukimpeleka mtu upasuaji atapewa dawa nyingine, atatolewa kwenye utafiti, watabaki thelathini na saba. Na chini ya thelathini na wanane hesabu haisimami. Kazi yote ya watu wote itakuwa bure. "Wiki nne tu. Tukimaliza, mimi mwenyewe nitamwandikia. Uwezekano wa kuwa kitu kibaya ni mdogo sana, chini ya asilimia…"

"Usimalizie," nikasema. Nikakusanya vinywa vyangu.

Siku ya Jumatano Dada wa Fomu akashuka kunywa chai chumba cha plasta, kama kawaida yake akichoka na watu wa juu. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Kaka, bosi wangu amepata wazimu wa furaha."

"Amekuwa profesa?"

"Bado, ila ameusogelea uprofesa. Yule mtu wa takwimu anayetunza orodha ya siri, ya nani kapewa jeli ipi, amempa majumlisho ya katikati. Waliopewa dawa wamepona. Waliopewa isiyo na dawa nao wamepona. Sawasawa, yaani huwezi kupitisha uzi. Siku mbili hali, hanywi. Siku ya tatu akaamka na jambo jipya: Nguvu ya Imani. Anasema wanawake wazee wa mitaa ya kawaida wana imani kali mwilini kuliko watu wote waliowahi kupimwa. Kesho wageni wa kampuni ya jeli wanakuja, ameshatengeneza slaidi hamsini."

"Imani," nikasema.

"Imani."

Nikauona ule mwiko unavyozunguka ndani ya kopo la siagi, nikacheka hadi nikamwaga plasta. Yeye akadhani namcheka bosi. Kwa kweli nilikuwa namcheka bosi. Kisha kicheko kikakata chenyewe, maana nikaona nimeshika nini mkononi.

Jioni nikapita kwa mama mdogo. Nikamwambia nataka kopo.

"Kopo la nini? Utatuaibisha mtaa mzima wewe! Watasema tumewaharibia. Na wenzetu meno yao mapya?"

Nikatoa kinywa cha wiki ya nane mfukoni, cha juu na cha chini, nikaviweka kwenye goti lake, nikamshika kidole nikakipitisha pale penye kidonda. Hakuuliza ni cha nani. Na yeye ana kinundu kilekile kwenye kaakaa.

Akaingia ndani, akatoka na kopo, chini bado kuna jeli ya kupangusia.

"Chukua. Na mwiko chukua." Kisha akanivuta shati. "Dada yangu usimwambie. Nitamwambia mimi, akiwa amelazwa, asiweze kunirushia kitu."

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi, wageni saa tatu. Bwana Asilimia alikuwa anajaribu tai kwenye kioo cha dirisha. Nikaweka kopo juu ya meza yake, juu ya karatasi zake za slaidi.

"Nini hii?"

"Imani."

Akafungua. Ile harufu ya mnanaa ya jeli ikatoka. Akaijua. Mimi nikamweleza taratibu, sikuwa na haraka: baraza, benchi moja, mwiko, kijiko kwa kijiko, tyubu tupu kwenye mzani wake. Akatafuta kiti kwa mkono bila kukitazama, akakaa.

"Wangapi?"

"Ishirini na saba."

Midomo yake ikacheza. "Asilimia sitini na saba nukta tano," akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma jina lake kwenye jiwe la kaburi.

Nilingoja aulize la maana. Nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Angeuliza kwa nini, angeuliza wale akina mama wako salama, angeuliza hata fizi zimeponaje kweli.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

Hapo nikamaliza kumheshimu, kama kuna chenga iliyokuwa imebaki.

"Andika barua," nikasema. "Ya leo. Andika *haraka*, upige mstari chini yake."

"Na kopo?"

Kule nje lifti ililia. Sauti za wageni, vicheko vya watu waliolala hoteli nzuri.

"Barua kwanza."

Akaandika. Mkono ulikuwa mwepesi, hakuuliza dalili, alizijua zote: kidonda, fizi ya chini kushoto, kingo zimeinuka, kinakua. Zilikuwa kichwani mwake tangu siku ile ya ndoo. Akapiga muhuri. Nikaisoma mara mbili. Kisha nikamwachia kopo, na mwiko, akavisukuma kwenye droo ya chini akafunga kwa ufunguo.

Ndiyo, nilimwachia. Ningeweza kusukuma mlango wa chumba walimoingia wageni nikalimwaga mbele yao. Barua ilikuwa tayari mfukoni. Lakini barua moja haitoshi, kuna kitanda, kuna vipimo, kuna sahihi nyingine ngapi, na zote ziko ndani ya jengo la watu wake. Nilipokuwa nashuka ngazi nikasikia wanapiga makofi.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, maneno machache. Wauguzi wake wanamwita Mama Kisu. Alimfungua mama mdomo, hakutumia dakika nzima. Akakata kinyama kidogo kikapimwe. Majibu yakarudi: ni kile ambacho kila mtu kwenye korido hukitaja kwa kunong'ona. Akakitoa, na kipande cha fizi, na ukingo wa mfupa.

"Kimetoka chote," akaniambia. "Mwezi mmoja zaidi ningechukua taya."

"Uwezekano wa kurudi ni asilimia ngapi?" nikamuuliza. Ugonjwa wa kuambukiza huu wa asilimia.

Akanitazama kana kwamba nimetema mate sakafuni. "Mlete kila mwezi. Nitaangalia kwa macho."

Wiki nzima mama haruhusiwi kuongea. Mama mdogo akachagua siku ya pili kumweleza habari za kopo, kama alivyopanga, akiwa amekaa mbali na kitanda. Mama akaomba karatasi. Nilidhani ataandika asante. Aliandika: *Kopo liko wapi?*

"Nilimwachia," nikasema.

Akaandika tena. *Na atakayedanganywa na hiyo imani, ni mama wa nani?*

Akageukia ukutani. Mkong'oto wa mama yangu nimeula mwingi utotoni, ila ule ndio uliobaki na alama.

Kuchapishwa kulikuja baada ya miezi saba. Dada wa Fomu alileta simu barazani, akatutafsiria huku akina mama wanashona. Utafiti umegundua kwamba imani ya mgonjwa inaponya fizi sawa na dawa, hasa kwa wanawake wazee. Mama mdogo akaomba arudiwe hapo pa imani, akaacha sindano acheke vizuri.

"Endelea," mama akasema. Sauti yake sasa ina mluzi kidogo upande wa kushoto.

"Washiriki walikuwa arobaini. Mmoja alihama. Mmoja alifariki. Mmoja," Dada wa Fomu akanitazama, "mmoja alijitoa kwa sababu binafsi. Uchambuzi ulifanywa kwa washiriki thelathini na saba."

Thelathini na saba. Kumbe hesabu inasimama. Ilikuwa inasimama siku zote, inasimama wima kama nguzo ya umeme. Wiki nne za taya ya mama yangu alizitaka kwa sababu hakutaka kubadilisha namba moja kwenye jedwali.

"Sababu binafsi ndiyo mimi?" mama akauliza.

"Ndiyo wewe, mama."

"Haya." Akavuta shuka, akapinda pindo. "Angalau nimeingia kwenye fomu."

Bwana Asilimia sasa ni profesa. Karatasi yake imetiwa fremu, imetundikwa ghorofa ya tatu, mkabala na lile bango la kidonda, vioo viwili vinatazamana. Kila asubuhi napita hapo nikitoka stoo, mfuko wa plasta begani. Wale wengine walipata meno yao mapya, nimeyatengeneza mimi. Mama hakupata, alijitoa.

Lakini Mama Kisu alisaini oda. Juu na chini, seti nzima, kwa mgonjwa wake, kwa vifaa vya jengo la pili. Mama aliuliza mara tatu kama sahihi ni ya kweli, akaomba na karatasi yenyewe aione. Ndipo akauma trei.

Nilikimimina kinywa hicho Jumatatu. Cha chini kina bonde kushoto, pale palipokatwa, limefunga vizuri, laini. Sikuandika namba. Niliandika jina lake, kwa penseli, herufi kubwa, kwenye kitako cha plasta. Nilikuwa nakisawazisha kwenye mashine ya kusaga Profesa aliposhuka. Miaka mitano hajawahi kukanyaga chumba cha plasta. Alikuwa na wageni wawili nyuma yake, anawaonyesha wanapotunza vinywa vya ule utafiti maarufu.

Akaniona, akajikaza, akatabasamu kwa ajili ya wageni. Akainamia mashine.

"Na hii ni namba ngapi?"

Mashine ya kusaga plasta hufanya kazi kwa maji. Ukibonyeza kinywa kwa adabu, maji yanashuka kwenye bomba. Ukibonyeza kwa pembe, yanaruka, meupe, mazito kama uji, na yakikauka hayatoki.

Nikabonyeza kwa pembe. Yakamfika kwenye viatu, vyote viwili.